Nilivyomficha Binti Yangu kwenye Fomu ya Bima

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee mlioketi mbele na akina mama wenzangu kule mlangoni, amani iwe kwenu nyote, wa msikitini na wa kanisani. Sikuandikwa kwenye ajenda ya leo. Nimemwomba mwenyekiti muda kidogo, naye amenipa, kwa sababu ya neno lililosemwa humu ndani mkutano uliopita.

Mnakumbuka tulikuwa tunazungumzia bima. Wenzetu watatu wana vijana wa miaka kumi na nane, kumi na tisa, waliopata leseni, na wanataka kuwaachia usukani. Wakalalamika kwamba ofisi ya bima inawatoza ada kubwa zaidi kwa sababu dereva ni kijana. Ndipo mmoja wetu, simtaji, akasema si tuandike tu jina la mtu mzima, nani atajua? Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka ili mtu asinitazame usoni. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Mimi ndiye niliyeandika jina la mtu mzima. Wengi wenu mnajua kwamba niliwahi kuwa na Landrova na kwamba ilipotea. Mnafikiri ni ajali iliyoimaliza. Leo nitawaambia kilichoimaliza.

Mume wangu alipofariki aliniachia watoto wanne, shamba dogo la mikahawa kule Mbozi, na ile Landrova. Alikuwa akishuka nayo Ivuna kuchukua chumvi na kuipandisha hadi hapa Tunduma. Wateja wa upande wa pili wa mpaka walikuja mpaka mlangoni kwangu, wananiita mayo, yaani mama, wanaulizia mucele, yaani chumvi. Biashara ilikuwa nzuri, ila mimi sijui kuendesha. Dereva wa kwanza niliyemwajiri alikuwa akinyonya petroli na kuiuza njiani, na mnajua petroli ilivyokuwa adimu. Wa pili aliniacha akaenda kwenye malori ya Zambia. Gari likakaa uani miezi, kuku wanataga chini yake.

Ndipo binti yangu mkubwa aliporudi kutoka kambi ya vijana. Alikuwa amejitolea huko baada ya shule, wakamfundisha trekta, kisha lori. Alikuwa na miaka kumi na tisa na leseni ambayo haijatimiza hata mwaka. Siku ya pili tu alifungua boneti, akasafisha betri, akaliwasha lile gari. Nililia. Watu walisema mengi kuhusu msichana kushika usukani, mimi sikuwajali. Nawaambia ukweli, alikuwa dereva mzuri kuliko wale wanaume wawili. Hakukimbiza gari, wala hakupakia kupita kiasi.

Bima ilikuwa imekwisha muda. Nikapanda basi mpaka Mbeya. Karani aliniuliza ni nani ataendesha, nikamwambia. Akaniuliza umri, nikamwambia. Akaandika, akapiga hesabu, akageuza karatasi nione. Ndugu zangu, niliinuka kwenye kiti. Ada ilikuwa karibu mara mbili ya aliyokuwa akilipa marehemu. Nikamwambia kwa sauti, watu wote wanasikia, kwamba serikali inasema vijana wajenge taifa, halafu ofisi yake inawaadhibu vijana kwa kuwa vijana.

Yule karani hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Mama, kaa. Nikuonyeshe pa kuipunguzia."

Akaanza kunieleza. Kwamba binti akileta barua ya mafunzo yake kutoka kambini, na apimwe upya na askari wa usalama barabarani, wanaweza kumpunguzia. Kwamba gari lenyewe ni la zamani, kwa nini nang'ang'ania bima kubwa kama aliyokuwa nayo marehemu, wakati bima ndogo inatosha kuwalinda watu wa barabarani? Kwamba nikikubali kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara, ada inashuka. Kwamba nikiandika dereva mmoja tu, na njia moja tu, inashuka tena. Na kila mwaka utakaopita bila ajali watapunguza.

Aliyasema yote hayo, na mimi nilikuwa natazama saa ukutani nisije nikakosa basi la kurudi. Nilimsikia, ila sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshakasirika, na hasira ile ilikuwa tamu. Nikachukua fomu, nikaondoka.

Nyumbani nikampelekea habari shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Huyu alikuwa mtu wa kuheshimika, aliyeendesha magari tangu wakati wa mkoloni, na leseni yake imechakaa kwa uzee. Aliisoma ile fomu akacheka. Akasema, "Shemeji, unahangaika na nini? Andika jina langu. Mtoto aendeshe."

Nikamuuliza je, wakijua? Akasema wao wanaona karatasi, hawaoni gari. Palikuwa na mahali pa dereva kutia sahihi. Nikamsogezea kalamu. Akasema miwani yake imevunjika, nimtilie tu mimi, yeye na mimi ni kitu kimoja. Nikamtilia. Sahihi ya mtu mwingine niliitia kwenye meza yangu mwenyewe, mchana, watoto wangu wanaona.

Binti yangu alikuwepo. Aliuliza kwa nini jina lake halipo. Nikamwambia ni mambo ya wakubwa. Akasema, "Mama, lakini ninayeendesha ni mimi." Nikamwambia anyamaze. Baba yake mkubwa naye akamwambia anyamaze. Akanyamaza.

Tangu siku hiyo kila safari shemeji alipewa gunia lake la chumvi. Sikumpa kama malipo, tuliliita shukrani.

Msimu wa kwanza ukapita vizuri. Wa pili, mvua zilikuwa kubwa. Binti alikuwa anapandisha chumvi, amefika Itaka, na mnaijua ile barabara ikilowa, udongo wake unateleza kama sabuni. Mbele yake kulikuwa na mkulima mmoja, mtu mzima, anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi, anakwenda mashineni. Binti alipunguza mwendo. Gari likakataa. Likateleza ubavu, likamgonga yule baba, likaangukia mtaroni.

Mguu wa yule baba ulivunjika mahali pawili. Binti yangu mwenyewe alikuwa amechanika paji la uso. Alivua kanga yake, akaichana, akamfunga yule baba mguu kwa vijiti vya uzio, akasimamisha lori, akaenda naye mpaka hospitali amempakata kichwa. Hayo sikuyaona, nilikuja kuambiwa na mke wa yule baba.

Kesho yake asubuhi binti alirudi nyumbani kwa miguu kutoka stendi, damu imekauka usoni. Alimkuta shemeji ameshafika, ameketi, maana habari ilikuwa imemtangulia. Na mimi, ndugu zangu, kabla sijamwosha mwanangu uso, nilimketisha tumweleze mpango.

Mpango ulikuwa wa shemeji. Binti avuke mpaka kwenda Nakonde kwa mama yake mdogo, akae huko wiki kadhaa. Yeye shemeji ataenda polisi aseme ndiye aliyekuwa akiendesha. Bima italipa, gari litatengenezwa, kila mtu atasahau. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga arusi.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia mimi, si baba yake mkubwa. Akasema, "Mama, yule mzee ameniona. Amenishika mkono njia nzima. Nikamwambie hakuniona?"

Nilimpiga kofi.

Nilimpiga upande ule ule uliochanika. Nimekuja mbele yenu kulisema hili, kwa sababu mengine yote ningeweza kuwasimulia hata sokoni. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa naiona Landrova, naona magunia, naona ada za shule za wadogo zake, na yeye amesimama katikati ya mimi na vitu hivyo. Damu ikaanza tena. Hakulia. Alichukua kitenge kilichokuwa kwenye kamba, akajifunga kichwani, akatoka. Nilidhani anakwenda kisimani. Alikwenda polisi. Akaandika maelezo yake yote: nani alikuwa akiendesha, na jina la nani liko kwenye bima, na kwa nini.

Siku chache baadaye mtu wa bima akaja na ile fomu. Akatuita wote, mimi na shemeji. Akamuuliza shemeji kama anaitambua. Shemeji aliivuta karibu, akavaa miwani. Ndiyo, miwani alikuwa nayo. Akasema, "Hii sahihi si yangu. Karatasi hii sijawahi kuiona."

Nilimtazama. Hakunitazama. Na kwa kweli, ndugu zangu, sahihi haikuwa yake. Kuhusu karatasi alidanganya, lakini kuhusu sahihi hakudanganya. Aliyeitia alikuwa ni mimi peke yangu.

Ofisi ikasema bima imebatilika kwa sababu ya maelezo ya uongo. Gari halitalipwa. Yule baba wa Itaka watamlipa wao, maana sheria inamlinda aliyeumia, lakini kila senti watanidai mimi. Binti alitozwa faini kwa kuendesha bila uangalifu, akailipa mwenyewe. Mimi nilihojiwa siku mbili kwa ajili ya ile sahihi, nikaachiwa kwa onyo. Niliuza mabaki ya Landrova kwa fundi, nikauza ng'ombe watatu, na mikahawa ya Mbozi nikaikodisha kwa jamaa kwa miaka mitano. Nikabaki nauza chumvi kwa kibaba, ya watu wengine, nimeketi chini sokoni hapo hapo Tunduma. Wale walioniita mayo wakawa wanapita wananunua kwa mwingine mwenye mzigo.

Baadhi yenu mlininunulia kwa huruma. Niliwajua. Niliwachukia kwa huruma yenu, na leo naomba radhi.

Lakini niliyemchukia zaidi alikuwa binti yangu. Naomba msinishangae. Nilikuwa nasema moyoni kwamba angevuka tu Nakonde, tungekuwa tunakula. Alipata kazi ya trekta kwenye shamba moja kubwa kule Mbozi. Kila mwisho wa mwezi alimpa kondakta wa basi bahasha aniletee. Nilizipokea, nikazila. Sikumwandikia hata mstari mmoja. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Kilichonigeuza ni mke wa yule baba. Alikuja sokoni siku moja, akanijua, mimi sikumjua. Alinunua kibaba kimoja, akahesabu chenji yake, akaniuliza kama ni mimi mama wa yule msichana wa trekta. Nikasema ni mimi. Akasema, "Anakuja kwetu kila Jumapili. Tulidhani hana mama."

Alisema hivyo tu, akaondoka na chumvi yake.

Wiki hiyo hiyo, kabla ya Jumapili, nilikwenda Itaka. Sikumwambia binti. Nilimkuta yule baba ameketi nje kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, hauko sawa na mwenzake. Nilikuwa na kuku mkononi. Nikapiga magoti, nikasema mimi ndiye mama, nimekuja kuomba msamaha. Siwaambii kwamba alinikumbatia, maana hakunikumbatia. Aliniacha pale chini muda mrefu. Kisha akasema mtoto wangu alimgonga kwa bahati mbaya, na bahati mbaya anaielewa, lakini mimi nilitaka kumfanya aonekane ni mwongo aliyemwota dereva wake. Hilo, akasema, halielewi. Kuku hakumpokea. Akaniambia kuku anao. Asichokuwa nacho ni mtu wa kuchuma kahawa, maana hawezi kusimama, na kahawa imeiva, inaanguka.

Nikaweka kuku chini, nikaomba kikapu.

Nilichuma kahawa yake msimu ule wote. Nilikuwa nalala kwa ndugu yangu kule kule, asubuhi nipo shambani. Jumapili ya kwanza binti alipokuja alinikuta kwenye mistari. Alisimama. Niliendelea kuchuma. Alichukua kikapu kingine, akaanza mstari wa pili. Tulichuma mpaka jua linageuka. Mke wa yule baba akatuletea uji, akatumiminia sote wawili kwenye bakuli moja. Nadhani alifanya makusudi. Ndipo nilipomwambia mwanangu kwamba nilikosa. Nikamwambia kuhusu fomu, na kuhusu kofi. Aliendelea kunywa uji. Akasema, "Nimesikia, mama."

Ndugu zangu, kusikia si kusamehe. Yeye anajua Kiswahili vizuri, alichagua neno lake. Nalipokea.

Sasa niwaambie jinsi tulivyosimama, kwa maana najua wenye vijana humu mnangoja kusikia hilo. Ilichukua miaka. Deni la bima lilipokwisha na mikahawa iliporudi, mimi na binti tuliunganisha nguvu tukanunua pikapu kuukuu. Tukaenda Mbeya wote wawili, kwa karani yule yule. Alinikumbuka. Niliona aibu mpaka masikioni. Nikamwambia, yale uliyoniambia siku ile, niambie tena. Safari hii sikutazama saa.

Binti alileta barua ya kambini na ya shamba la trekta. Alipimwa upya. Tukachukua bima ndogo, maana pikapu lenyewe halikuwa la kulilia. Tukaandika dereva mmoja, njia ya Ivuna na Tunduma tu. Karani akapiga hesabu, akageuza karatasi. Nikamwomba anipigie na hesabu ya siku ile ya kwanza, kama ningefanya haya kwa Landrova. Alisita, kisha akanipigia. Tofauti kati ya ukweli na uongo wangu ilikuwa bei ya magunia machache ya chumvi. Machache, ndugu zangu. Shemeji peke yake alikuwa amekula zaidi ya hayo.

Mwaka jana mdogo wa binti yangu, akiwa na miaka kumi na nane, naye alipata leseni. Hatukumpa gari. Alimaliza kwanza mafunzo kwenye chuo cha udereva, ana cheti. Mwaka mzima ameendesha dada yake akiwa pembeni. Haendeshi giza likiingia, habebi abiria, na msimu wa mvua hashuki Ivuna. Jina lake lipo kwenye bima, umri wake upo, na kila sharti tulilokubali tuliomba liandikwe. Tunalipa zaidi kidogo, ndiyo, na roho inauma. Lakini kwa kuwa hatujapata ajali miaka hii, punguzo letu linafidia sehemu kubwa ya nyongeza yake. Kama chama kitakubali, tumwite yule karani aje hapa aongee na vijana wetu na wazazi wao. Huenda hata tukakata bima ya magari yetu pamoja, tukauliza kama kuna nafuu. Hilo namwachia mwenyekiti.

Shemeji yangu yu hai. Tunakutana kwenye misiba. Ananiamkia, namwitikia, kila mtu anakwenda kuketi upande wake. Hajawahi kutamka lolote, na mimi nimeacha kungoja.

Namshukuru karani yule, ambaye hakunicheka. Namshukuru askari aliyemwandikia mwanangu maelezo akampa na kiti na maji ya kunawa uso, kazi iliyokuwa yangu. Nawashukuru wale wa Itaka, kwa uji na kwa kikapu. Nanyi mlioninunulia vibaba, Mungu awarudishie.

Na wewe ndugu uliyesema tuandike jina la mtu mzima, sikuchukii. Jioni hii ukifika nyumbani, mwite kijana wako, mketishe, umuulize: siku gari litakapoteleza, na kuna mtu amelala barabarani, na askari anauliza nani alikuwa akiendesha, utamjibu nini? Mwache akujibu kwa mdomo wake. Ukiona huwezi kumtazama anapojibu, rudisha kalamu mfukoni.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti.